Kisipinde Tena: Sehemu ya Saba

Tulipoachana, mke wa Fundi Randa alikuwa ameshika kitasa cha chumba cha mwisho pale kliniki, sikio limegandana na mlango, na ndani sauti ya mwanamke ilikuwa ikisema, "Vua yote, usinionee haya. Si nimeshakuona mara nyingi?"

Msomaji mmoja amenisimamisha dukani kunilaumu. Anasema nimemwacha mama wa watu mlangoni wiki nzima mpaka mguu umemfa ganzi. Haya, na apumzike. Mlango unafunguliwa.

Ila kama wewe ni mgeni katika ukurasa huu, kwanza nikupe ya kukutosha. Fundi Randa ni seremala, mtu wa makabati na vitanda, na jina hilo amepewa na mtaa. Mkewe ni msusi. Kwa mwaka mzima fundi halali chumbani. Analala sebuleni, kwenye kochi alilolitengeneza kwa mikono yake, na akiulizwa anasema mgongo. Hivi karibuni alilazwa hospitali, akarudi anatembea ametanua miguu, akasema ni ngiri. Mke hakuamini mgongo, na ngiri hakuiamini zaidi. Leo amefunga saluni akamfuata mumewe kwa miguu, kichochoro kwa kichochoro, mpaka hapa. Sanduku lake la nguo liko tayari kwa shangazi yake. Alikuja kufumania.

Akasukuma mlango.

Fundi Randa alikuwa amelala chali kitandani, suruali imetundikwa kwenye msumari. Pembeni yake alisimama muuguzi wa makamo, glavu mkononi, mkasi mkono wa pili, anafungua bandeji. Fundi alipomwona mkewe alivuta shati lake na kujifunika. Katika vyote alivyokuwa navyo vya kufunika, alichagua uso.

"Dada, funga mlango, watu wanapita," muuguzi alisema.

"Nifunge? Niwafungie ndani muendelee?"

"Ufunge ukiwa ndani. Wewe ni nani wake?"

"Mkewe. Na wewe?"

"Mimi ni sista wa hapa. Kama ni mkewe umekuja wakati mzuri, njoo unishikie hii bandeji. Huyu bwana kajifunga kama anapeleka mzigo safari."

Mke hakusogea. Alikuwa na maneno mengi aliyoyapanga njiani, mengine mazito ya kuvunja ndoa papo hapo, na yote yalikuwa ya kumwambia mwanamke mrembo aliyevaa vizuri. Hayakumfaa mama huyu mwenye raba nyeupe na miwani inayoteleza puani. Akasimama na matusi yake, hana pa kuyaweka.

Bandeji ikafika mwisho. Kitu kikaanguka sakafuni, kikalia ka!

Sista akakiokota. Kilikuwa kijiti cha mbao, chembamba, kimepigwa randa na msasa mpaka kinang'aa, pembe zote zimelainishwa. Mke aliitambua kazi hiyo bila kuambiwa. Hakuna mtu mwingine mtaani anayelainisha pembe namna ile.

"Kaka," sista alisema polepole, "hiki ni nini?"

"Ubao," ilijibu sauti chini ya shati.

"Naona ni ubao. Nani kakwambia ufungie ubao huku?"

"Hakuna. Ni akili yangu mwenyewe."

"Na hii alama ya kuvilia damu, nayo ni akili yako?"

Mke akapiga hatua moja, akaona alichokiona, akashika ukingo wa kitanda.

"Sista, hiyo ndiyo ngiri?"

"Ngiri gani?" Sista akamtazama mke, akautazama ule mlima wa shati. "Kaka, hili si langu kulisema. Unasema mwenyewe, au nimtoe nje?"

Kisha shati likaanza kuongea.

"Kilipinda."

"Nini kilipinda?"

"Hicho. Mwaka jana kilianza kuuma. Nikawa nikigusa nasikia kama kokoto imekaa kwa ndani. Halafu kila kikiamka kinavuta upande. Kikavuta, kikavuta, mpaka kikawa kama msumari uliopigwa vibaya. Ukinisogelea naumia. Na nisipoumia naona aibu."

"Kwa hiyo mgongo?"

"Mgongo wangu mzima kabisa."

"Na ngiri?"

"Nilipasuliwa hicho. Wakakinyoosha."

Mke akavuta lile shati kwa mkono mmoja, akalitupa. Alitaka kumwona usoni. Fundi Randa alikuwa analia, mtu mzima na ndevu zake, machozi yanateremka kuelekea masikioni.

"Mwaka mzima nimelala na mto," mke alisema. "Mwaka mzima najiangalia kwenye kioo cha saluni, najiuliza nimekuwa na kasoro gani. Nimebadilisha nywele mpaka zimekatika. Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona bora unione mkorofi kuliko unione si mwanaume."

Hapo, msomaji, hasira ya mke haikuisha. Nisije nikakudanganya. Ila ilihama ikawa hasira ya kumwonea uchungu, na hiyo ni nzito zaidi kuibeba. Alimpenda huyu mpumbavu. Alikuwa amesahau ni kwa kiasi gani.

Mlango ukafunguliwa tena. Safari hii ni daktari, yule bingwa aliyempasua, mzee mrefu asiye na haraka. Alimsalimu mke kwa heshima kama vile walipanga kukutana. Akanawa mikono, akavaa glavu, akainama. Akapapasa, akabonyeza, akarudi kubonyeza palepale. Sista aliacha kukunja bandeji. Anamjua daktari wake, na anajua akirudia kubonyeza palepale kuna jambo.

"Kinaanza kurudi," daktari alisema.

"Kurudi wapi?" mke aliuliza.

"Kupinda, mama. Mle ndani kuna kovu, ndilo lililokuwa linavuta. Tulilitoa, tukaweka kiraka, tukashona, kikanyooka. Sasa nasikia pembeni ya mshono panakaza upya. Bado ni kidogo, tunaweza kupawahi. Tukizembea kitapinda kuliko mwanzo, na upasuaji wa pili siwezi kumwahidi mtu kwamba kitabaki kinafanya kazi."

Aliyasema hayo kwa sauti ile ile ya kusalimia. Fundi akafumba macho.

"Huu ubao ni wa nini?" daktari aliuliza. Sista alikuwa amemkabidhi bila neno.

Fundi akajikakamua. Katika mambo ya ubao, hata akiwa uchi, ni mtu anayejiamini.

"Daktari, mimi kabati nikiligundisha nalibana kwenye jiriwa mpaka gundi ikauke. Silivuti wala siligusi. Ukikigusa kitu ambacho hakijakauka unakiharibu. Sasa ulinipa kile kifaa chako, kinavuta. Ukaniambia nikande, ninyooshe. Nikasema hapana, huyu daktari ana kazi nyingi, pengine amenichanganya na mgonjwa mwingine. Kitu kimetoka kunyooshwa leo, unakivutaje? Kinatakiwa kishikwe. Nikachonga cha kukishika. Siku za kuja hapa nakitoa, leo nimesahau."

"Na kifaa changu kiko wapi?"

"Karakana. Kwenye boksi la misumari."

Sista aligeukia ukuta. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Daktari hakucheka. Alivuta kiti, akakaa karibu na kichwa cha mgonjwa.

"Gundi ikikauka imekauka, hapo umesema kweli. Lakini kovu halifanyi hivyo. Kovu ukiliacha limelala linajikunja, linakuwa dogo, linavuta kila kilicho karibu. Kwa hiyo tunalinyoosha kila siku likiwa bado laini, kwa taratibu, mpaka lizoee urefu wake. Ndiyo kazi ya kifaa, na ndiyo kazi ya kukanda. Wewe umelibana, umelinyima na damu. Mwili si mbao, fundi."

"Sasa naelewa."

"Unaelewa, au unakubali ili nikuache?"

"Naelewa, Daktari. Jamani."

Daktari akamgeukia mke. "Mama, unafanya kazi gani?"

"Msusi."

"Basi vidole unavyo. Njoo nikuonyeshe, maana huyu peke yake simwamini tena." Akanyoosha kidole chake mwenyewe cha shahada. "Unashika hapa mbele, si kwa nguvu. Unavuta taratibu kuelekea kwako, unatulia, unaachia. Halafu unakiegemeza upande wa pili, ule ambao hakikupindia, unatulia, unaachia. Asubuhi na jioni. Akisema anaumia, unapunguza. Akisema amechoka, humsikilizi."

Mke akashika kile kidole, akajaribu. Alikuwa na mkono mwepesi, na daktari akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Na lile tendo lenyewe ni mwiko mpaka niruhusu mimi. Mkiharakisha mshono ukaachia, tumeumia wote. Sigara?"

"Havuti," mke alijibu.

"Anavuta," alisema sista. "Nimezinusa kwenye suruali."

Mke akamtazama mumewe, na mume akatazama dari.

"Ziishe leo," daktari alisema. "Kovu linazipenda sana."

Ndipo mkono wa Fundi Randa ukateleza juu ya shuka, ukatafuta mkono wa mkewe, ukaupata. Mke hakuukataa. Walikuwa hawajashikana mikono kwa muda ambao hakuna kati yao aliyependa kuukumbuka. Nisikufiche, hata mimi ninayeandika nilitaka habari ikomee hapo.

Haikukoma. Daktari alikuwa na swali moja.

"Angalau vidonge unameza?"

"Hivyo sijakosa hata siku moja." Fundi aliinua kichwa. Alifurahi kupata swali analoliweza. "Kila asubuhi kabla sijaenda karakana. Muulize huyu."

"Vizuri. Na asubuhi ukiamka, chenyewe kinaamka?"

"Hakiamki."

"Hata kidogo?"

"Kimelala fofofo. Kinachoamka ni kichwa, kinaniuma kila siku mpaka mchana. Na nikiinama kwenye randa napata kizunguzungu."

Daktari aliondoa miwani. "Kuumwa kichwa kunatokea. Lakini kulala hivyo hakutokei. Vidonge vile kazi yake ni kupeleka damu mle ndani. Damu ndiyo inayolainisha kovu, ndiyo inayokinyoosha mtu akiwa usingizini. Kwa siku zote hizi ulizomeza, kovu lisingekaza hivi, hata na ubao wako. Fundi, umeficha kifaa, umeficha sigara, umemficha mkeo mwaka mzima. Leo niambie kweli. Vidonge humezi."

"Nameza."

"Wengi wanaviogopa. Wanadhani vitapasua mshono. Sikugombezi, nataka tu kujua."

"Naapa nameza. Daktari, kwa nini nidanganye kwa hili?" Sauti ilimkatika. "Mke wangu, mwambie."

Mkono wa mke ulikuwa umepoa ndani ya kiganja chake. Aliuvuta.

"Nakwenda kunawa uso," alisema. "Nahisi joto."

Akatoka.

Pale koridoni palikuwa na benchi refu na watu wanaosubiri kuitwa. Mke alikaa mwisho kabisa, mgongo ukutani. Sasa sikiliza vizuri, msomaji. Ukitaka kumhukumu mhukumu, lakini mpaka uwe umesikia.

Kichupa cha vidonge alikuwa amekipata siku chache tu baada ya mumewe kutoka hospitali, akifua koti la kazi la mumewe. Hakuuliza. Katika nyumba ile kuuliza kulishaacha kuleta majibu. Alikwenda nacho saluni, akamwonyesha mteja wake mmoja aliyewahi kufanya kazi duka la dawa. Yule mama, kichwa nusu kimesukwa nusu bado, alikigeuza kile kichupa akacheka kwa puani.

"Shoga yangu, hivi mwanaume anameza akiwa na shughuli. Kama shughuli haiko kwako, iko kwa mwenzio."

Ndiyo hayo tu. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba vidonge vile vinaweza kuwa na kazi nyingine. Siku hiyo alisuka vichwa vyote vilivyobaki bila kuinua macho. Jioni alimwaga vidonge chooni, akakaa na kichupa kitupu, akawaza aweke nini. Peremende angezijua ladha. Kabatini kulikuwa na dawa zilizobaki za marehemu mama mkwe wake, vidonge vyeupe, vidogo, vinafanana na vile mpaka inatia hofu. Mama alikuwa akivimeza anatulia, anajinyoosha, analala. Mke akasema basi na huyu atulie. Abaki nyumbani kama mtu.

Tangu siku hiyo kila asubuhi alikuwa akisimama mlangoni mwa jiko akimwangalia mumewe anameza, na moyoni anasema, nenda sasa kwa huyo bibi yako, tuone utamfanyia nini.

Hapakuwa na bibi. Kulikuwa na mwanaume mwoga aliyekuwa akijitibu.

Na yeye ndiye aliyemharibia tiba. Ubao ulichangia, sawa, na sigara zilichangia. Lakini damu ambayo daktari anaitafuta haikufika kwa sababu ya mkono wake yeye. Kile kinachokaza mle ndani, nusu yake aliikaza yeye.

Alikaa pale benchini muda mrefu. Watu waliitwa, wakaingia, wakatoka na mifuko yao ya dawa. Aliinuka akaenda mpaka getini. Kwa shangazi hakuko mbali, na sanduku liko kule. Angesema amefumania. Nani angembishia? Fundi asingethubutu kusimama mbele ya wakwe kueleza kilichopinda. Ndoa ingekufa kimya kimya, na siri ya kichupa ingekufa nayo.

Mlinzi akamfungulia geti, akasubiri. Mke hakutoka.

Kilichomrudisha si ushujaa. Ni ile sauti ya mumewe iliyokatika. Mwaka mzima huyu bwana amekuwa akisema uongo naye anajua ni uongo, na leo amesema neno moja la kweli, hakuna anayemwamini, na mtu pekee duniani anayejua kwamba ni kweli amesimama getini anataka kukimbia. Hilo lilimshinda. Akageuka, akapita lile benchi, akarudi chumba cha mwisho.

Alimkuta mumewe amefunikwa shuka safi, amewekewa mto wa pili. Uso wake ulikuwa mwekundu kwenye mashavu na alikuwa anatabasamu. Daktari alikuwa amekaa dirishani anasubiri.

"Umekosa mambo," Fundi alisema. "Wamenipa kidonge hapahapa, mbele ya macho yao, kikubwa kuliko vile vya nyumbani. Wanataka kisimame wapime kimepinda kiasi gani. Walitaka kunidunga sindano, nikasema mimi na sindano hapana."

"Amemeza muda si mrefu baada ya wewe kutoka," sista alisema. "Kitaanza kufanya kazi sasa."

"Kimeshaanza. Nasikia joto mpaka masikioni. Njoo ukae hapa. Kikisimama utawaambia mwenyewe kwamba mumeo si mwongo."

Mke alibaki amesimama. Alishika mkoba wake kwa mikono yote miwili.

"Daktari, nina neno."

"Subiri kwanza tupime," Fundi alisema.

"Siwezi kusubiri, nikisubiri sitalisema." Akapiga moyo konde. "Asilaumiwe yeye. Vidonge amemeza kila siku, nimemwona. Ila vilivyokuwa ndani ya kichupa si vyenu. Nilivimwaga nikaweka vingine."

Tabasamu la Fundi lilibaki usoni lakini nyuma yake hapakuwa na mtu.

"Uliweka vingine," alirudia.

"Nilidhani una mwanamke."

"Mwanamke." Fundi akauangalia ule ubao wake uliokuwa bado mezani. "Mimi? Na hali hii?"

"Sikujua hali hii. Hukuniambia hali hii." Sasa machozi yalikuja na hakuyafuta. "Nimekukosea, baba. Nimekuharibia. Nilitaka uumie kidogo kama mimi, basi. Sikujua ni dawa."

Fundi alinyoosha mkono wake, akaushusha, akaunyoosha tena. "Njoo hapa," alisema. "Wote wawili wajinga. Njoo."

Na hapo daktari, mzee yule asiye na haraka, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Lilikuwa tabasamu la mtu aliyekuwa anatafuta hesabu imekosewa wapi na sasa ameiona.

"Basi limeelezeka," alisema. "Na ni habari njema kuliko mnavyodhani. Maana yake dawa haijashindwa, haijaanza. Tunaanza leo, na kifaa, na vidole vya mama, na hakuna ubao. Tutakiwahi. Nimewawahi wengi waliochelewa kuliko huyu." Akasimama, akajinyoosha mgongo. "Na wewe mama, ulimwekea nini mle? Unga wa ngano? Maana kichwa kimemuuma kwelikweli."

Mke alicheka katikati ya kilio. Ilikuwa nafuu kubwa, kusamehewa namna ile, mbele za watu.

"Vya marehemu mama mkwe wangu, vilikuwa vimebaki kabatini."

"Vya nini? Vya mifupa?"

"Vya moyo."

Daktari alikuwa anachukua miwani yake. Mkono ukaishia juu ya miwani.

"Vya moyo vya namna gani, mama?"

"Vile vya kila asubuhi. Alikuwa akibanwa na kifua. Alikuwa akivimeza anatulia."

"Sista," daktari alisema, na sauti yake haikuwa tena ile ya kusalimia. "Presha yake. Ondoa hiyo mito, mlaze sawa, inua miguu. Ita mtu wa dripu."

Sista alishaanza kufunga kile kitambaa cha kupimia mkononi mwa Fundi. Alikijaza upepo, akasikiliza, akakijaza tena.

"Kuna nini?" mke aliuliza. "Daktari, kuna nini?"

"Nilimuuliza kama anatumia dawa nyingine. Akasema hatumii, na hakujua kwamba anatumia." Daktari alikuwa tayari amepita upande wa pili wa kitanda, vidole shingoni mwa mgonjwa. "Hiki nilichompa na hicho ulichompa havikutani ndani ya mtu mmoja. Kila kimoja kinafungua mishipa. Vikikutana, damu inakosa nguvu ya kupanda kichwani."

"Iko chini," sista alisema. "Daktari, inashuka."

Fundi Randa aligeuza kichwa kutafuta alipo mkewe. Wekundu ulikuwa umemtoka usoni wote, midomo imekuwa ya rangi ya majivu.

"Mbona mmezima taa?" aliuliza kwa upole.

Taa ilikuwa inawaka. Mke alipiga magoti pale sakafuni, akaushika ule mkono kwa mikono yote miwili, na mkono haukumshika.

"Mama, niangalie mimi," daktari alisema. "Usimwangalie yeye, niangalie mimi. Hicho cha moyo, mara ya mwisho amemeza lini?"

Mke akainua macho, akamtazama daktari.

"Leo asubuhi," alisema. "Maji nilimpa mimi."